Barua ya wazi kwa wakubwa wa mbuga, wa elimu na wa wilaya: watoto wa Katunguru waingie porini na mwalimu likizo hii

Waheshimiwa wa Wizara ya Utalii, Wanyamapori na Mambo ya Kale, wakubwa wa UWA, yaani Mamlaka ya Wanyamapori Uganda, wakubwa wa Wizara ya Elimu na Michezo, na nyinyi wa wilaya zinazopakana na mbuga ya Queen Elizabeth hapa Uganda, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Katunguru karibu na daraja, nauza samaki, ngege na semutundu, tangu nikiwa msichana. Naandika Kiswahili kwa sababu hapa ufukweni kwetu ndiyo lugha inayotukutanisha wote, Mkonzo, Mnyankole, Mtoro na waliovuka kutoka Kongo, na pia Baraza la Mawaziri lenyewe mwaka 2022 lilipitisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, kwa hiyo naamini mtanisoma bila shida.

Jambo langu ni moja tu. Nataka watoto wa vijiji vilivyo ndani ya mbuga wapate wiki moja kila likizo ya kufundishwa pori, na mwalimu wao awe renja, yaani askari wa wanyamapori.

Ngoja niwaelezee maana najua wengine wenu hamjawahi kulala huku. Kijiji chetu kimezungukwa na mbuga, mbele yetu ni mfereji wa Kazinga unaounganisha ziwa George na ziwa Edward, ukitoka nyuma ya nyumba hatua chache umeshaingia kwa tembo. Hamukungu ni hivyo, Kasenyi ni hivyo, Kahendero, Katwe, Rwenshama, Kayanja, wote tuko hivyo. Mbuga ilitangazwa 1952 ikiitwa Kazinga, 1954 ikapewa jina la malkia wa Uingereza alipokuja, sisi tukabaki mle mle na mitumbwi yetu. Kwa hiyo mtoto wa Katunguru hasomi habari za kiboko kwenye kitabu. Kiboko anakula majani nyuma ya choo chao usiku, na mtoto akiamka kukojoa inabidi asikilize kwanza.

Sasa likizo ikifika, hasa ile ya Agosti wakati jua ni kali na nyasi zimekauka, mabasi ya shule za Kampala na Mbarara yanapita darajani yamejaa watoto wanaimba, wanakwenda Mweya kupanda boti kuangalia tembo na ndege. Watoto wetu wanasimama pembeni ya barabara wanawapungia mkono. Siwaonei wivu wale watoto, waje, waje kabisa, nchi ni yao. Ila nawaomba mfikirie hiki kitu: mtoto wa Kampala anamjua simba kama kitu kizuri alichoonyeshwa na mwalimu, na mtoto wangu aliyezaliwa ndani ya mbuga anamjua simba kama kitu kilichokula ng'ombe wa jirani, na renja anamjua kama mtu aliyekuja kumkamata kaka yake. Hajawahi kukutana na renja kwa sababu nyingine.

Hilo la kukamatwa nalijua vizuri. Kuna mtoto mmoja wa hapa kwetu, jina lake siliandiki, alikuwa na miaka 13 akiwa P6, darasa la sita la msingi. Likizo ilikuwa ndefu, nyumbani chakula shida, akaenda na wakubwa kutega waya za kobu, wale swala wa hapa kwetu. Yeye alikuwa anabeba waya tu na kuangalia njia. Walikamatwa, wale wakubwa wakakimbia, yeye akabaki. Alirudi nyumbani baada ya siku mbili, mama yake alishukuru Mungu, lakini yule mtoto alirudi amenyamaza na mpaka muhula ulipofunguliwa alikuwa hataki kwenda shule. Nilimuuliza kwa nini walikuwa wanatega pale, sio kule. Wakubwa, yule mtoto alinieleza kwa nusu saa! Kobu wanalala wapi, wanapita wapi asubuhi, dume lake linasimama wapi, alama ya kwato ikiwa na umande ndani ni ya saa ngapi, upepo wa jioni unatoka ziwani kwa hiyo ukae upande gani. Nilikuwa najiuliza huyu mtoto angekuwa nani kama mtu wa kwanza kumsikiliza akieleza hayo angekuwa renja, na sio mtu mwenye waya.

Na waya zenyewe hazichagui. Mtegaji anataka kobu, anaingia simba. Yule simba Jacob ambaye dunia nzima ilimtazama 2024, aliyeogelea mfereji wetu huu huu usiku pamoja na ndugu yake Tibu, kama kilometa moja na nusu kwenye maji yenye viboko na mamba, yeye ana miguu mitatu, ule wa nne ulikwenda na mtego. Wazungu waliomrekodi kwa droni walishangaa sana, magazeti ya nje yakaandika, lakini hapa Katunguru nimekuta watoto wakubwa kabisa wasiojua kwamba alivuka mfereji wao huu. Na tusisahau Hamukungu Aprili 2018, simba 11 kwa sumu, majike matatu na watoto wanane, kwa sababu ya ng'ombe waliouawa. Mimi sisemi mwenye ng'ombe hakuumia. Aliumia. Lakini aliyeweka sumu aliwahi kuwa mtoto wa likizo pia, na hakuna aliyekaa naye chini.

Basi mimi na mwenzangu mmoja, mama anayeuza chapati hapa stendi, tulianza wenyewe. Likizo tatu zimepita. Mara ya kwanza walikuja watoto 14, mara ya pili 22, mara ya mwisho tukalazimika kuwarudisha wengine maana uji haukutosha. Hatuna cheti cha ualimu wa pori. Tulichonacho ni yale tuliyofundishwa na wazee wetu, pamoja na mzee mmoja mvuvi mstaafu ambaye anajua mfereji huu kuliko mtu yeyote, pamoja na renja mmoja kijana aliyekuja siku zake za mapumziko bila kulipwa, na huyo Mungu ambariki.

Niwaambie tulifanya nini, kwa sababu nikisema tu mafunzo ya porini mtadhani ni michezo.

Siku ya kwanza tulimuuliza kila mtoto muziro wake, yaani mnyama ambaye ukoo wake haumli. Wengi walijua ukoo, wachache walijua mnyama. Tukawatuma waende waulize babu na bibi. Kesho yake walirudi mbio, mmoja nyati, mmoja yule samaki wa matope tunayemwita mamba, mmoja kima, mmoja akaleta ndege ambaye mpaka leo tunabishana ni ndege gani, na kila mmoja akaeleza kwa nini ukoo wao haumli. Yaani wazee wetu walikuwa na uhifadhi wao, waligawana wanyama, wewe usile huyu, mimi nisile yule, kila mnyama akabaki na watu wa kumtetea. Yule renja kijana mwenyewe alisema chuoni kwao hawakuanza hivyo na ingefaa waanze hivyo.

Siku ya pili ikawa ya kiboko, na hii tuliirudia siku tatu maana ndiye anayetuumiza zaidi. Mzee aliwapeleka saa nne asubuhi, viboko wakiwa majini, akawaonyesha njia yao, ile mitaro miwili sambamba yenye tuta dogo katikati, akawaambia hii ni barabara yake, anatoka jioni anarudi alfajiri, na wewe usisimame kati yake na maji hata kama umetumwa ndoo na mama. Akiona umemzibia njia ya kurudi majini anakuja moja kwa moja, na anaweza kukimbia kilometa 30 kwa saa, hakuna mtoto wa P5 wa kumshinda. Ukikutana naye, ondoka kando ya njia, tafuta mti au kichuguu kikubwa ujifiche nyuma yake, usipige kelele, usimulike tochi machoni. Halafu akawafanyisha mazoezi. Mtoto mmoja anakuwa kiboko, mwingine anabeba ndoo, wengine wanapiga kelele kama amekosea. Walicheka sana lakini wiki iliyofuata binti mmoja wa miaka 11 alimvuta mdogo wake kando ya njia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kiboko akapita. Mama yake alikuja kwangu analia. Hiyo nimeishuhudia, sikusimuliwa.

Na hapa niseme kuhusu wasichana. Kuna mzazi aliniambia mambo ya pori ni ya wavulana. Nani anachota maji jamani? Nani anakwenda kuni? Kama kuna mtoto anayehitaji kujua nyati dume mzee anayetembea peke yake ni hatari kuliko kundi zima, ni huyo binti mwenye kuni kichwani.

Tulifundisha kutafuta njia bila simu. Ukiwa Katunguru asubuhi ukiuangalia mlima Rwenzori, jua liko mkono wako wa kulia, jioni liko wa kushoto, na mawingu yakiufunika mlima angalia maji na upepo. Tulifundisha upepo kwa kumwaga majivu kidogo mkononi. Tukafundisha mafundo matatu ya kamba ambayo kila mvuvi anayajua lakini hakuna anayemfundisha msichana. Kuzima moto wa nyasi ukiwa mdogo na kuukimbia ukiwa mkubwa, na kukimbilia wapi, pale palipokwisha ungua. Na mito. Watoto wa wilaya ya Kasese wote wanapaswa kujua mto, tuliona mto Nyamwamba ulivyofurika 2013 na tena 2020, maji yanashuka kutoka mlimani kukiwa hapa chini hakuna hata tone la mvua. Ukiona maji yamebadilika rangi ghafla, yanaleta vijiti na majani, usisubiri kuona, panda juu.

Nyoka tulipewa msaada na nesi mmoja. Alikuja na bendeji na kipande cha mbao akawaonyesha watoto: aliyeumwa alale, asitembee, mguu ufungwe na ubao usicheze, vua pete na viatu kabla havijabana, mpeleke hospitali kwenye dawa ya sumu. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, usimpeleke kwa mwenye jiwe jeusi ukapoteza masaa. Wazee wawili waliokuwa wanapita walisimama wakasikiliza, mmoja akabisha kweli kweli kuhusu jiwe, ila alikaa mpaka mwisho.

Halafu mzoga. Hili naomba wa afya nao walisikie. Mtoto wa kwetu akikuta kiboko amekufa anaona nyama, na nyumbani kuna njaa. Lakini 2004 kimeta kiliua viboko wengi sana kwenye maji haya haya, na wakubwa wenu mlihangaika kuwazuia watu wasile. Tuliwaambia watoto mnyama uliyemkuta amekufa bila kujua kilichomuua usimguse, usimchune, usimsogeze kwa mguu, mwite renja au mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji. Mtoto mmoja akauliza, nikimwita renja si atanikamata mimi? Sote tulinyamaza. Yule renja kijana akachuchumaa akamwambia hapana, chukua namba yangu. Waheshimiwa, hicho ndicho ninachowaomba, kile kitendo cha kuchuchumaa.

Ndege sikutegemea kama wangewapenda hivyo. Mbuga hii ina aina zaidi ya 600 na watoto walikuwa wanaita nusu yao "kale kandege". Tulikaa ukingoni na daftari, tukawatazama mdiria wale weupe na weusi wanavyochimba mashimo kwenye ukingo wa udongo kulea watoto wao, mtoto anahesabu mara ngapi mama analeta samaki. Saa nzima watoto 20 wametulia kimya. Mwalimu wao wa darasani alipita akanipigia simu jioni kuuliza nimewapa nini.

Na likizo ya Desemba kuna mbayuwayu. Nilisoma kwamba wale mbayuwayu wanaozaa kwenye mazizi na mabanda ya Ulaya wakati wa kiangazi chao, mwezi wa sita na wa saba, baridi ikianza wanaruka wanakuja huku kwetu Afrika. Kule watoto wao wana kambi za kiangazi, wanakaa porini na mahema wanafundishwa ndege na miti, wanamwangalia mbayuwayu kwenye kiota chake. Ndege huyo huyo akifika waya wa umeme wa Katunguru mwezi wa kumi na mbili anakuta mtoto mwenye manati. Sio kwamba mtoto wetu ni mbaya. Hajaambiwa kwamba huyu mdogo kama kidole amevuka jangwa la Sahara. Nilipowaambia, walishusha manati wenyewe, na mmoja akauliza anapitaje bila maji.

Sasa kwa nini nawaandikia nyinyi kama mambo yanakwenda.

Hayaendi. Uji tunautoa mfukoni, na likizo iliyopita mimi peke yangu nilitoa shilingi elfu 85, samaki zikiwa zimepungua. Jaketi za kuelea tuna tano tu, tena tulizoazima, kwa hiyo hatujawahi kuwapandisha watoto kwenye boti, wameuona mfereji wao kutoka ukingoni. Yule renja alihamishwa. Na ruhusa hatuna ya maandishi, tunafanyia kijijini na ukingoni tu, hatuwezi kuvuka kuingia mbugani kwenyewe, na tuko sahihi kutovuka, sheria ni sheria. Niliandika barua kwenye ofisi moja, nikapeleka kwa mkono wangu, nikagongewa muhuri. Likizo ya kwanza niliambiwa mkubwa hayupo. Ya pili niliambiwa barua haionekani, nikaleta kopi. Ya tatu kijana wa mapokezi aliniambia mama, hiyo kopi nayo haionekani. Sitaji ofisi, sitaki mtu afukuzwe kazi, nataka watoto waingie mbugani. Ndiyo maana safari hii naandika hadharani ambako barua haipotei.

Kuna mkubwa mmoja, naye simtaji, alinijibu kwa mdomo kwamba nikiwafundisha watoto alama za wanyama nitakuwa nafundisha majangili. Nimelifikiria hilo siku nyingi maana alilisema kwa nia njema. Jibu langu ni yule mtoto wa P6. Alama alishazijua kabla yangu! Watoto wetu hawana upungufu wa kujua wanyama wanapita wapi, wanakosa kujua kwamba ujuzi huo una kazi nyingine. Pale Mweya kuna utafiti wa nguchiro, wale wadogo wenye milia mgongoni, unaendelea tangu miaka ya 1990, kila siku kuna mtu anaamka anakwenda kuwafuata na kuandika nani amezaa na nani amehama. Ni kazi, na ina mshahara. Mtoto wa Katunguru anajua hilo? Kule Mabamba kwenye ziwa Victoria wavuvi walikuwa wanamchukia yule korongo mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, wanasema akionekana huvui kitu, leo wavuvi wa pale wanawabeba wageni kwa mtumbwi kwenda kumtazama na wanasomesha watoto. Na Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, aliyekuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori serikalini 1996 na sasa anajulikana dunia nzima kwa gorila wa Bwindi, alipokuwa mwanafunzi wa sekondari ya Kibuli alifufua klabu ya wanyamapori shuleni kwao. Klabu ya shule tu. Klabu hizi zipo Uganda tangu 1975, ila ukija kwenye shule zetu za ndani ya mbuga utakuta jina kwenye ukuta na mwalimu mmoja mwenye madarasa mawili.

Mwingine atasema ni hatari, mtoto akiumia nani atajibu. Ni swali zuri na mimi ni mama, nimelijibu kabla hamjaniuliza. Hatutaki walale porini. Watoto wa miaka 9 mpaka 15, waje saa mbili asubuhi warudi saa tisa, kila mzazi aweke sahihi, kila watoto wanane na mtu mzima mmoja, mbugani wasiingie bila renja mwenye silaha na gari, kwenye boti hakuna anayepanda bila jaketi hata kama anajua kuogelea, na kwenye mapango hatuingii kabisa. Yale ya pango la chatu la Maramagambo, mtalii aliyeambukizwa virusi vya Marburg 2008 akafa, watoto wayasikie nje ya pango, waambiwe popo wana kazi yao na wewe una yako. Hatari ambayo mtoto anakutana nayo akiwa na renja na nesi ni ndogo kuliko anayokutana nayo kila asubuhi na ndoo.

Pesa. Sheria inasema asilimia 20 ya kiingilio cha mbuga irudi kwa wilaya zinazozunguka mbuga kwa ajili ya wananchi. Hiyo pesa imejenga madarasa na imechimba mitaro ya kuzuia tembo, tumeona, tunashukuru. Uzio wa umeme nao umesaidia mashamba, nashukuru kwa huo pia. Ninachoomba ni kipande kidogo ndani ya hiyo asilimia kiandikwe kabisa kwa jina la watoto wa likizo, kijiji kwa kijiji, kisipitie kwenye semina za hotelini. Unga, sukari, maharage, mafuta ya boti, jaketi 30 za saizi za watoto (za wakubwa zinawatoka kichwani, tulijaribu), madaftari, darubini mbili tatu. Hakuna jengo. Tafadhali msitujengee jengo, mti upo.

Wa elimu nanyi, mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 unataka watoto wafanye miradi, waonyeshe wanachoweza kufanya sio kukariri. Mtoto wa S1, mwaka wa kwanza wa sekondari, wa hapa analazimika kutafuta mradi, anashona kapu kwa sababu mwenzake ameshona kapu. Mwacheni aandike daftari la ndege wa mfereji kwa likizo mbili, mwalimu alisahihishe na lipate maksi. Ziwa George ni eneo la kwanza la Uganda kuwekwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, 1988, na watoto wanaoishi kando yake wanafanya mtihani wa ardhi oevu kwa kukariri.

Renja mtakayemleta awe anaongea na watoto kwa Kiswahili au Lukonzo au Runyankore. Akija na Kiingereza cha ofisini watasema yes sir na hakuna kitakachobaki. Na aje bila pingu kiunoni siku hiyo, nawaomba sana, kuna mtoto atakayeziangalia tu.

Yule wa P6 sasa yuko S2. Likizo iliyopita alikuja bila kuitwa, akakaa nyuma, siku ya tatu akaanza kuwaonyesha wadogo alama za kobu na kuwaeleza kwato yenye umande. Nimemwandika kama msaidizi, namba moja kwenye orodha. Chini yake kuna watoto 31, majina, umri, muziro, na simu ya mzazi, daftari liko kwangu, mtu wa ofisi yoyote akitaka kuliona aje darajani aulize mama wa semutundu anayekaa upande wa mti mkubwa, wote wananijua.

Naomba jibu kabla muhula wa pili haujafungwa ili tupate muda wa kuwapa wazazi fomu. Mwenye boti ameshakubali kutupa Jumanne na Alhamisi, siku zingine anabeba samaki.

Wenu,
Mama muuza samaki, Katunguru